Wanne Walitoka, Mmoja Akaandikwa: Kisa cha Kolito, Mei 1941

Gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, London Gazette, lilichapisha tarehe 15 Novemba 1945 waraka wa kutunuku nishani ya Victoria Cross, ambayo jeshini mwao hakuna inayoizidi kwa ushujaa vitani. Mwenye nishani alikuwa Sajini Nigel Gray Leakey wa kikosi cha 1/6 King's African Rifles, KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza lenye askari wa Afrika Mashariki. Hakuwepo wa kuvishwa. Alikuwa ameuawa miaka minne na nusu nyuma, tarehe 19 Mei 1941, ng'ambo ya mto Bilate kusini mwa Uhabeshi, kwenye mapigano ambayo Waingereza waliyaita Colito. Mji wenyewe leo unaitwa Kulito, katika nchi ya Wahalaba.

Waraka huo unasomeka kwa dakika mbili, na kila ninapousoma hukwama mahali pale pale. Katikati unasema Leakey aliviendea vifaru vya Waitaliano kwa miguu akiwa pamoja na sajini meja wa kombania, Mwafrika, na askari wengine wawili. Mistari michache mbele unamsifu kwa kuiokoa hali mbaya akiwa peke yake. Yaani mwandishi yule yule aliwaona watu wanne wakitoka, na alipofika kwenye hesabu akaandika mmoja.

Sina nia ya kumpunguzia Leakey hata chembe. Alichokifanya siku ile kinatosha kumnyamazisha yeyote mwenye kupenda kubeza. Ninachodai ni kwamba kisa chenyewe hakieleweki, hata kwa hesabu za vita tu, mpaka wale watatu warudishwe mahali pao.

Mto umefurika, silaha ziko ng'ambo

Kufikia Mei 1941 vita vya Afrika Mashariki vilikuwa vimekwisha kuamuliwa, ila havijaisha. Jeshi la Jenerali Alan Cunningham lilitoka Kenya mwanzoni mwa mwaka, likatwaa Kismayu na Mogadishu mwezi Februari, Harar mwezi Machi, na tarehe 6 Aprili likaingia Addis Ababa. Haile Selassie alirudi katika mji wake mkuu tarehe 5 Mei. Kaskazini, Mwanamfalme Amedeo wa Aosta, aliyekuwa amiri mkuu wa Waitaliano, alizingirwa kwenye mlima wa Amba Alagi, na katikati ya mwezi ule akasalimu amri. Huyu Aosta mkumbuke, tutakutana naye tena Nairobi.

Kusini ndiko kulikobaki kazi. Katika eneo la maziwa ya Bonde la Ufa kulikuwa bado na divisheni za Kiitaliano zenye mizinga na vifaru, na mvua ilikuwa imeshika kasi. Malori yalizama matopeni, mito ikajaa. Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ilipewa kazi ya kuwasukuma Waitaliano kutoka Shashamanna kuelekea magharibi, mpaka Soddu. Kwenye brigedi hiyo ndimo kilimokuwa kikosi cha 1/6, kikosi ambacho asili yake ni Tanganyika. Kwa hiyo ukiwasikia watu wa Nairobi wakimtaja Leakey kama shujaa wa Kenya, kumbuka kwamba wenzake wa siku ile walikuwa na kwao kusini ya Namanga.

Daraja la kuvukia hapakuwa nalo. Kombania mbili zilivuka mto kwa kushtukiza, chini ya risasi, zikawaondoa Waitaliano kwenye ukingo ulioinuka na kuanza kusonga mbele. Zilivuka na zile silaha ambazo mtu anaweza kuvuka nazo. Silaha za kupigia vifaru zilibaki ng'ambo, na mto umefurika. Hapo ndipo vifaru vilipotokea vichakani.

Tafakari kidogo hali hiyo. Mbele yako chuma, nyuma yako maji. Bunduki uliyonayo haitoboi kitu. Ukilala, kifaru kitakupita juu, na ukikimbia utaishia mtoni. Kombania mbili ni mamia ya watu, na shambulio zima lilikuwa limetundikwa kwenye ukanda mwembamba wa nchi kavu.

Leakey hakuwa askari wa mstari wa mbele kwa kazi yake ya siku ile. Alikuwa akiendesha mota ya inchi 3, ule mzinga mdogo wa kurushia mabomu kwa juu, akiwafungulia njia wenzake waliokuwa wakisonga. Mabomu yakamwishia. Hili ni jambo dogo ambalo wasimuliaji wengi huliruka, nami naliona ndilo kiini cha sehemu ya kwanza ya kisa. Mtu wa mota ambaye mabomu yamekwisha, kazi yake imekwisha. Hakuna kanuni ya jeshi ambayo ingemlaumu kwa kukaa pale na mota yake akingoja mabomu mengine yavushwe. Waraka unasema alikwenda mbele kwa hiari yake mwenyewe, aone atafanya nini.

Juu ya kifaru cha kwanza

Kifaru kimoja kilikuwa kimezunguka na kuja kwa nyuma ya askari wa KAR. Leakey alikirukia. Akapanda juu, akakivuta kifuniko kwa nguvu za mikono mpaka kikafunguka, akampiga bastola kamanda wa kifaru na mwenzake, akamwacha dereva peke yake akiwa hai. Dereva akalazimishwa kukiendesha kifaru mpaka mahali pa kujificha.

Jambo kama hilo kwenye filamu ungelicheka. Linawezekana vipi? Jibu lipo kwenye kifaru chenyewe. Vifaru vya wastani ambavyo Italia ilivileta Afrika Mashariki vilikuwa vya aina ya M11/39, navyo vilikuwa 24 tu kwa eneo lote. Kilikuwa na uzito wa tani 11 hivi na watu watatu ndani. Mzinga wake wa milimita 37 haukuwekwa kwenye kichwa kinachozunguka, kama tulivyozoea kuona. Uliwekwa mbele, kwenye kiwiliwili, ukielekea kule kinakoelekea kifaru. Kichwa chenyewe kilibeba bombomu mbili, yaani bunduki za rashasha, na mtu mmoja wa kuzishughulikia. Walio ndani, wakiwa wamejifungia, wanaona nje kwa vitundu vyembamba. Mtu akishafika mgongoni mwa mdudu huyo hawezi kukunwa. Bombomu zake zinapiga mbele na pembeni, juu ya paa lake haziwezi kitu.

Ubaya ni kwamba unaweza kupigwa na kifaru cha jirani. Liweke hilo akilini.

Baada ya kukiteka kifaru, Leakey alijaribu kuutumia mzinga wake dhidi ya vifaru vingine. Haukufyatuka. Nadhani sababu si ngumu kuikisia: mzinga ule ulikuwa na mahali pake pa chini, pembeni mwa dereva, na mtu wake, ambaye kazi yake ilikuwa kuujua, alikuwa amekufa. Sajini wa mota kutoka Kiganjo hangeweza kujifunza kazi ya mpiga mzinga wa Kiitaliano katikati ya mapigano.

Ndipo akashuka. Maneno yake yamehifadhiwa kwenye waraka: atawafuata kwa miguu.

Maamuzi mawili, si moja

Watu husimulia kana kwamba Leakey aliamua mara moja kufa na akafa. Mimi naona maamuzi mawili yaliyo mbali kabisa, na uzito wao haufanani.

Uamuzi wa kwanza, wa kurukia kifaru, ulikuwa wa hatari kubwa, lakini ulikuwa na hesabu nzuri ndani yake. Kifaru kimoja kimejitenga, hakijamwona. Akifanikiwa, ameokoa nyuma ya kikosi. Askari jasiri wa jeshi lolote angeweza kuliona pengo hilo, ingawa wachache wangeliingia.

Uamuzi wa pili ni kitu kingine. Sasa yuko ndani ya chuma, mahali pa kujificha, ana mateka wa kumwendesha. Amekwisha kufanya kitu ambacho kingempa nishani hata angeishia hapo. Mbele yake kuna uwanja unaofagiliwa na risasi za bombomu na makombora ya vifaru vinavyosogea, na vifaru hivyo vinaendelea kuwaua wenzake. Hakuna tena la kushtukiza. Akaacha chuma akatoka kwenye uwanja huo akiwa na bastola.

Kuna mzee mmoja, mstaafu wa jeshi letu, ambaye jioni hukaa na wenzake kwenye benchi la duka karibu na Dagoretti Corner. Nilimsimulia kisa hiki mpaka pale Leakey anaposhuka, nikamkatia hapo.

“Afande, wewe ungeshuka?”

“Mwanangu, ukishapata chuma hushuki. Mimi ningemwekea dereva bastola kisogoni nimwambie awagonge wenzake.” Akacheka na benchi zima likacheka. Kisha akaniuliza, “Alitoka na nani?”

“Na sajini meja na askari wawili.”

“Walimwona akishuka?”

“Walikuwa pale pale ukingoni.”

“Basi niambie habari za hao,” akasema. “Huyo mwingine nimekwisha kumwelewa.”

Sikuwa na la kumwambia zaidi ya ule mstari mmoja wa waraka.

Watatu wa mstari mmoja

Mstari wenyewe unawapa vyeo na rangi, basi. Hausemi walibeba silaha gani. Hausemi kama waliamriwa au walijitokeza. Hausemi kama jioni ile walikula chakula chao au walizikwa. Baada ya kutajwa, wanatoweka, na kitenzi kinachofuata kina mtendaji mmoja.

Vifaru viwili vya mwanzo viliwapita. Leakey akakirukia cha tatu, akafungua kifuniko, akamuua mmoja wa waliokuwemo. Kifaru cha nne kikamfyatulia bombomu kikamwangusha. Ni ile hatari niliyoitaja: kifaru hakiwezi kumpiga aliye juu yake, ila mwenzake anaweza.

Sasa tazama hali ilivyo sekunde ile Leakey anapoanguka. Vifaru viwili vimepita, ni vizima. Cha nne ni kizima na ndio kwanza kimemuua. Kwa hesabu ya chuma kwa chuma, Waitaliano bado wana nguvu za kutosha kuwasukuma KAR wote mtoni. Shujaa ameshakufa, na maiti haizuii kifaru. Pamoja na hayo shambulio likavunjika. Kwa nini?

Waraka wenyewe unajibu, bila kukusudia nafikiri. Unasema kwamba baada ya kitendo kile watu wa vifaru waligeuka mawindo ya askari wa miguu waliokuwa wamekata shauri. Mawindo. Askari wa Tanganyika, ambao dakika chache nyuma walikuwa wakikodolea macho kitu kisichotobolewa na bunduki, sasa walikuwa wakikiwinda. Kilichobadilika si silaha zao. Walikuwa wameona kwa macho kwamba juu ya kifaru kuna kifuniko, na kwamba kifuniko hufunguliwa kwa mkono.

Na wa kwanza kuamini jambo hilo, kabla halijathibitika mara ya pili, ni wale watatu. Hili ndilo linalonifanya niseme kisa hakieleweki bila wao. Mtu mmoja akirukia kifaru, wanaomtazama wanaweza kusema huyu ana wazimu wake. Wakitoka wanne, mmoja wao akiwa sajini meja ambaye kombania nzima inamjua na kumwogopa, hilo limekuwa shambulio. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, nami sioni ubaya wa kuwatumia wahenga kwa kifaru.

Kuna jambo la vyeo pia. Kwa ngazi za kijeshi, sajini meja wa kombania yuko juu ya sajini. Lakini KAR ya 1941 ilikuwa na ngazi mbili, ya Wazungu na ya Waafrika, na kilele cha ya pili kiliishia chini ya ile ya kwanza. Sajini meja Mwafrika hakuwa na mamlaka ya kumwamuru Mzungu, hata angekuwa na vita vingapi mwilini. Hata nishani zilitenganishwa: mpaka 1942 askari wa KAR walikuwa na nishani yao ya DCM (Distinguished Conduct Medal), mbali na ile ya Waingereza. Kwa hiyo waraka uliposema mmoja, haukuwa umeteleza. Uliandikwa na jeshi ambalo tangu awali lilikuwa limezoea kuhesabu hivyo, na ambalo huenda halikuona mgongano wowote kati ya “pamoja na” na “peke yake”.

Na bado, ukipima kwa kipimo cha hiari, sajini meja yule ndiye aliyebeba mzigo mzito zaidi. Leakey aliondoka bila kujua mwisho wake, na mara ya kwanza alikuwa amefaulu, jambo ambalo humpa mtu moyo. Wale watatu hawakuwa wamepanda kifaru chochote. Walichokuwa nacho ni macho tu: uwanja unafagiliwa, wenzao wanaanguka, na mbele yao kuna mtu mwenye bastola. Wakatoka.

Nikilinganisha na kisa kingine cha nyumbani, ndipo tofauti hujitokeza. Tarehe 3 Septemba 1915, huko Maktau njia ya Taveta, Luteni Wilbur Dartnell wa kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers alikuwa amejeruhiwa mguu na wenzake wakimbeba kumtoa. Alipoona kwamba majeruhi wengine walio taabani zaidi hawawezi kubebwa, alisisitiza aachwe nao, apate kuwakinga. Aliuawa, akapewa Victoria Cross, na kaburi lake liko Voi. Dartnell hakubadilisha matokeo ya siku ile. Alichagua tu asiwaache. Hicho nacho ni kujitoa, wala sioni kama ni kidogo kuliko cha Kolito. Ila cha Kolito kilizaa ushindi, na ushindi una kawaida ya kutafuta uso mmoja wa kuuvaa.

Matokeo

Kolito ilianguka. Tarehe 22 Mei Soddu ikafuata, na ndani yake makao makuu ya divisheni mbili za Kiitaliano pamoja na majenerali watatu. Waraka wa nishani unaunganisha moja kwa moja: bila kitendo cha Leakey hakuna Kolito, bila Kolito hakuna Soddu. Lugha ya nyaraka za nishani hupenda minyororo ya namna hiyo. Waitaliano wa kusini wangeanguka tu, kwa kuwa Addis ilikuwa imekwenda na Amba Alagi imekwenda. Hesabu ambayo haibishaniwi ni ndogo na ya karibu zaidi: watu wa kombania mbili waliokuwa na maji mgongoni hawakusukumwa mtoni.

Makaburi, majina na kambi

Leakey alizaliwa Kiganjo, karibu na Nyeri, tarehe 1 Januari 1913, katika ukoo mmoja na Louis Leakey, yule mchimbuzi wa mabaki ya binadamu wa kale kule Olduvai. Walikuwa walowezi, na msomaji wa Kenya ana haki ya kuuliza kama mtoto wa mlowezi anatuhusu. Historia haikumrahisishia mtu hapa. Baba yake, Gray, aliuawa na wapiganaji wa Mau Mau mwaka 1954, wakati KAR ile ile ikitumika kuwasaka msituni. Na mmoja wa majenerali wa msitu, Waruhiu Itote, yule Jenerali China, alikuwa amejifunza vita Burma akiwa koplo wa KAR. Yeye pia mtu wa Nyeri.

Nyeri hiyo hiyo ndiko alikozikwa Aosta. Baada ya kujisalimisha aliletwa Kenya kama mateka, akafia Nairobi tarehe 3 Machi 1942 kwa maradhi, na leo amelala katika kanisa la ukumbusho la Waitaliano kule Nyeri, pamoja na wanajeshi wake. Mwendo mfupi tu kutoka Kiganjo. Amiri aliyeshindwa ana kaburi ndani ya kanisa, wakati sajini aliyezaliwa jirani na kaburi hilo hana lake.

Alicho nacho Leakey ni jina ukutani. Ukichukua matatu ya 111 kwenda Ngong, ukishapita Dagoretti Corner utaona makaburi ya vita ya Nairobi kando ya msitu wa Ngong Road, nyasi zimekatwa vizuri kuliko za bustani nyingi za jiji. Humo mna zaidi ya makaburi 1,900 ya Vita vya Pili. Humo humo umejengwa Ukumbusho wa Afrika Mashariki, wa wale ambao makaburi yao hayajulikani, zaidi ya majina 2,000: waliopotelea Uhabeshi na Somalia, Madagaska, na wapiga mizinga wa Afrika Mashariki waliozama na meli ya Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944. Kwa mpangilio wa ukuta huo, Leakey ni herufi miongoni mwa herufi. Askari wa kawaida kutoka Tabora au Songea aliyepotelea vitani naye amechongwa kwa ukubwa ule ule. Nasema hivyo kwa kuusifu ukuta. Ulifanya haki ambayo waraka wa London haukuifanya.

Si kila ukuta ulifanya hivyo. Pale Kenyatta Avenue, sanamu za shaba za mwaka 1928 zinawakumbuka askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza, na maandishi yake, Kiswahili kikiwemo, yanamwahidi anayeipigania nchi yake kwamba hata akifa wanawe watalikumbuka jina lake. Hakuna jina hata moja lililoandikwa pale. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri na kuomba radhi kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa Vita vya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kariokor, jina lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi hao, tunashukia kila siku, na Kariakoo ya Dar hali kadhalika. Majina ya mitaa tulipewa, majina ya watu hatukupewa.

Wala tusijifanye kwamba tabia hiyo iliondoka na Waingereza. Askari wetu walishambuliwa El Adde, Somalia, tarehe 15 Januari 2016, na serikali haikutoa idadi rasmi ya waliokufa. Mahali kama pale, pasipotajwa hata hesabu, aliyemkinga mwenzake hawezi kufahamika.

Kolito yenyewe iliendelea kuishi, ila kwa njia ambayo mwandishi wa waraka wa 1945 hangeitabiri. Kikosi cha 6 KAR kilikuja kuwa Tanganyika Rifles baada ya uhuru, na kambi yake ya Dar es Salaam iliitwa Colito, kwa heshima ya mapigano yale. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi hiyo waliasi, wakawakamata maofisa wao, ambao wengi walikuwa bado Waingereza. Madai yao yalikuwa mawili: mshahara, na Waafrika kushika uofisa. Siku nne baadaye, kwetu hapa, askari wa kikosi cha 11 nao wakaasi katika kambi ya Lanet, Nakuru. Maasi yote mawili yalizimwa na wanajeshi wa Uingereza, kwa ombi la serikali zetu wenyewe.

Sitetei maasi. Ila dai la pili la Dar lilikuwa suala la yule sajini meja, limerudi baada ya miaka 22 na miezi minane likiwa na bunduki, ndani ya kambi iliyobeba jina la mahali alikopigana. Tanganyika Rifles ilivunjwa, na Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi. Kambi ya Colito ikapewa jina la Lugalo, mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani mwaka 1891.